Toleo Jipya Ni la Nini?

Agosti 2007 Steve Jobs alisimama mbele ya waandishi wa habari akatangaza kwamba iMovie, programu ya kuhariri video za nyumbani ambayo Apple ilikuwa ikiitoa tangu 1999, imeandikwa upya kuanzia sifuri. Kisa kilichosimuliwa ni cha mhandisi mmoja wa kampuni hiyo aliyekwenda mapumzikoni, akapiga mbizi na kamera, akarudi akitaka kutengeneza filamu fupi ndani ya nusu saa. Programu zilizokuwepo zikamchelewesha, akaamua kutunga ya kwake. Mhandisi huyo ni Randy Ubillos, na si mtu wa kubahatisha: ndiye aliyeandika matoleo ya kwanza ya Adobe Premiere, kisha akaitengeneza Final Cut Pro.

Watu wakanunua iMovie '08 kwa imani hiyo. Walipoifungua hawakuuona ule mstari wa muda waliouzoea, ambao vipande vya video hupangwa juu yake kimoja baada ya kingine. Alama za kugawa DVD katika sura hazikuwepo. Miradi ya zamani ilipoingizwa, vipande vilifika lakini maandishi, mipito na madoido yalibaki njiani. David Pogue, aliyekuwa na safu ya teknolojia katika The New York Times, aliikosoa bila kumung'unya maneno. Ndipo Apple ikafanya jambo ambalo kampuni za programu hulifanya kwa nadra sana: ikawaruhusu waliokwisha kununua toleo jipya kupakua lile la zamani, iMovie HD 6, bila malipo.

Juni 2011 mambo yakajirudia, safari hii kwa watu wanaokula kwa kazi hiyo. Final Cut Pro X, iliyoongozwa na Ubillos huyo huyo, ilitoka ikiwa haiwezi kufungua mradi hata mmoja wa Final Cut Pro 7. Uwezo wa kuhariri kamera kadhaa kwa pamoja haukuwemo, ukarudishwa Januari 2012. Fikiria mpiga video wa harusi mwenye kamera tatu, moja kwa maharusi, moja kwa wazazi, moja kwa wageni, anaambiwa asubiri miezi saba. Baadhi ya wanunuzi walirudishiwa fedha zao.

Nimeanza na visa hivi kwa sababu wahusika hawakuwa mambumbumbu. Kampuni ilikuwa tajiri, mhandisi alikuwa hodari, na ukweli ni kwamba Final Cut hiyo iliyotukanwa baadaye ikawa programu nzuri sana. Hasara iliwapata waliobonyeza kitufe siku ya kwanza huku kazi zao zikiwa katikati.

Kwetu swali hili, la kupandisha toleo au kubaki na la zamani, limeingia nyumbani kwa mlango wa simu. Zamani video ya harusi ilikuwa kazi ya mtu mmoja mtaani mwenye kamera ya VHS na taa kali inayowachoma macho watu wa meza kuu, na kanda yenyewe ililetwa baada ya kufuatiliwa kama deni. Sasa kila shangazi ana kamera mfukoni. Sendofu ikiisha, mahafali yakiisha, maulidi yakiisha, vipande vinamiminwa kwa kijana wa nyumba mwenye laptop: wewe si unajua kompyuta, hebu tuunganishie. Laptop ameinunua mtumba, Kariakoo au Luthuli Avenue, na programu ya kuhariri ni ile aliyoifahamu tangu chuoni. Siku moja kinatokea kidirisha kumwambia kuna toleo jipya, lenye akili bandia, lenye kasi, na kwa wiki hii bei imepunguzwa.

Kidirisha hicho kimeandikwa na mtu anayejua programu yake lakini hajui kilichomo kwenye laptop ya huyo kijana. Kwa hiyo orodha ya mapya iwekwe kando kwanza. Zitazamwe faili: zile zinazoingia, na zile ambazo tayari zimo.

Zinazoingia ndizo zenye sababu nzito kuliko zote za kupandisha toleo. Septemba 2017 Apple ilitoa iOS 11, na tangu hapo iPhone kuanzia toleo la 7 hurekodi kwa mfumo wa HEVC, uitwao pia H.265, bila mwenye simu kuulizwa. Mfumo huo ulikamilishwa 2013 ili kuurithi H.264 wa mwaka 2003, na faida yake ni kubana. Kwa makadirio ya Apple yenyewe, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 kila sekunde huchukua takriban MB 170 ikiwa ni HEVC, lakini hufika MB 350 ikiwa ni H.264. Simu nyingi za Samsung nazo zina chaguo la namna hiyo.

Nafasi inayookolewa kwenye simu hulipwa na kompyuta. Kadiri video inavyobanwa ndivyo kichakato kinavyotoka jasho kuifungua, na programu iliyoandikwa kabla ya miaka hiyo huenda isiitambue kabisa: unaweka kipande cha bi harusi akiingia ukumbini, unasikia vigelegele, kioo cheusi. Ukifikia hapo una haki ya kusema programu yako imezeeka.

Lakini hata hapo kuna njia ya kujaribu kabla ya kutoa fedha. Kwenye iPhone, ingia katika mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, uchague ile inayokubaliwa na vifaa vingi. Kuanzia siku hiyo simu itarekodi H.264. Kwa zilizokwisha kurekodiwa ipo HandBrake, programu ya bure isiyo na matangazo wala ujanja, ambayo kazi yake ni kugeuza video kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Ilichukua zaidi ya miaka 13 kabla waandishi wake hawajathubutu kuiita toleo la 1.0, Desemba 2016, na mimi kwa tabia hiyo peke yake naiamini.

HandBrake inatibu ugonjwa mwingine ambao wengi huutwika programu ya kuhariri. Simu hairekodi fremu kwa idadi isiyobadilika. Mwanga ukipungua, au simu ikipata joto, idadi hupanda na kushuka. Programu nyingi za zamani ziliandikwa zikitegemea fremu 25 au 30 zilizosimama hapo hapo, basi dakika kumi zikipita sauti inaachana na midomo, na mshereheshaji anaonekana amefunga kinywa huku bado anakaribisha wageni. Chagua fremu zisizobadilika unapogeuza, na tatizo linaondoka. Gharama yake ni muda wa mashine, basi uiache ifanye kazi usiku ukilala, umeme ukiwa na huruma.

Kuna jambo moja ambalo hakuna toleo litakalolitibu, liwe la bei gani. Video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa kabla haijaondoka, na kilichopotea hakirudi. Shangazi alirekodi 4K, kijana amepokea ukungu, lawama zinakwenda kwa programu. Mwambieni shangazi atume kama dokumenti. Tangu 2022 WhatsApp inapokea faili hadi GB 2 kwa njia hiyo. Kama bando halitoshi, mfuate na waya au flashi. Nimeona watu wakibadilisha programu kwa sababu ya ukungu huu, na sijaona ukungu ukiondoka.

Sasa mashine. Toleo jipya la programu ya video karibu kila mara huomba nguvu zaidi kuliko lililotangulia, kwa kuwa waliolitengeneza wana kompyuta mpya. DaVinci Resolve, kwa mfano, inastarehe ikiwa na RAM ya GB 16 na kadi nzuri ya picha. Laptop ya mtumba yenye GB 4 au 8 itaifungua, itaguna, kisha itakwama. Juu ya hayo, Microsoft ilisitisha matengenezo ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haivikubali rasmi vichakato vingi vya kabla ya 2018. Kwa hiyo mtu anaweza kulipia programu, akajikuta anadaiwa na mfumo endeshi, kisha anadaiwa kompyuta nzima.

Kabla ya kufika huko, kuna maarifa ambayo wahariri wa filamu huyatumia kila siku na ambayo vijana wengi wa nyumbani hawajaonyeshwa. Huitwa proksi. Programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila kipande, unahariri kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa video ya mwisho inarudi yenyewe kwenye vipande halisi. Laptop dhaifu inaweza kuhariri 4K kwa njia hii bila kukatakata. Premiere Pro ilipata uwezo huu 2016, Final Cut Pro X na Resolve zinao, na hata Shotcut na Kdenlive, zisizo na bei, zinao. Angalia kama programu yako ya sasa inao kabla hujasema ni nzito. Fedha ikipatikana, ongeza RAM na uweke diski ya SSD. Tofauti utaiona katika kila kitu, si video tu.

Tuje kwenye faili ambazo tayari zimo, sehemu inayoumiza watu kimyakimya. Mradi wa video, ile faili unayoihifadhi kila baada ya kukata na kuunganisha, haina video ndani yake. Ni karatasi ya mapishi ya pilau: inasema chukua kipande hiki kuanzia sekunde ya tano, weka jina la bwana harusi hapa, punguza muziki pale. Viungo viko kwingine kwenye diski, na mpishi ni programu yenyewe. Ukibadilisha mpishi, si lazima aielewe karatasi ya mpishi aliyetangulia. Hilo ndilo lililowakuta watu wa iMovie 2007.

Na hata mpishi akiwa yule yule, safari ni ya kwenda tu. Mradi wa Premiere ukishafunguliwa na kuhifadhiwa katika toleo jipya, toleo la zamani halitaufungua. Resolve nayo ikipandishwa huomba ruhusa ya kubadilisha hifadhidata ya miradi yako yote, na ukikubali hakuna kurudi. Ndiyo maana inakushauri kutengeneza nakala kwanza. Watu hubonyeza "ndiyo" kama wanavyokubali masharti ya benki. Wakitaka kurudi kwa sababu toleo jipya linajifunga lenyewe, wanakuta miradi imehama bila wao.

Upande wa fedha umebadilika kuliko wengi wanavyofahamu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulinunua programu ndani ya boksi, na kupandisha toleo kulikuwa tukio: unalipa, unapewa diski, ikikushinda unarudi kwenye diski ya zamani. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba Creative Suite 6 ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa mtindo huo, na kuanzia hapo ni kulipia kila mwezi. Premiere Pro peke yake imefika takriban dola 23 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 270 kwa mwaka, na mwaka ukiisha unaanza upya. Hata Premiere Elements, dada yake mdogo aliyelengwa kwa familia, kuanzia toleo la 2025 huuzwa kwa leseni ya miaka mitatu. Muda ukiisha, haihariri tena.

Mpango wa Adobe unaoonekana nafuu ni wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo, na ukijitoa katikati unatozwa nusu ya kiasi kilichobaki. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe ikisema sharti hilo lilifichwa kwa wateja. Kwa msomaji wa Nairobi anayelipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, au kwa kadi yoyote ya mtandaoni, jambo hili lina uzito wake: kulipa kumekuwa rahisi, kujitoa ndiko kwenye masharti. Kama una harusi mbili kwa mwaka, zote za ndugu, na malipo yako ni sahani ya pilau na soda, dola 270 ni fedha za kumlipia mtoto vitu vingine.

Apple ilichagua njia tofauti. Final Cut Pro X ilitoka 2011 kwa dola 299.99 kulipwa mara moja, na waliolipa mwaka ule walipokea matoleo yaliyofuata mwaka baada ya mwaka bila kudaiwa tena. Ila inaishi kwenye Mac tu. Blackmagic Design, kampuni ya Australia, iliinunua da Vinci Systems 2009, ikaichukua mashine ya kurekebisha rangi iliyokuwa ya studio za filamu ikaifanya programu, na sehemu kubwa yake inagawa bure. Resolve ya bure hutoa video hadi ukubwa wa Ultra HD kwa fremu 60, bila nembo juu ya picha. Ile ya kulipia, Studio, ni dola 295 mara moja. Sijui familia inayohitaji zaidi ya ile ya bure.

Bure nayo ina mashaka yake, na hapa nataka tuwe waangalifu. Windows Movie Maker, iliyowafundisha wengi wetu kuunganisha picha na wimbo, ilianza 2000 ikasitishwa Januari 2017. Microsoft ikainunua Clipchamp 2021, ikaiweka ndani ya Windows 11. Inatoa 1080p bure, lakini 4K inalipiwa. CapCut ya ByteDance imewavuta vijana wote, na kwa haki, maana kwa kazi za simu ni nyepesi na tamu. Lakini vitu vilivyokuwa bure humo vimekuwa vikihamishwa upande wa kulipia, na Januari 2025 watumiaji wa Marekani waliamka wakakuta imezimwa pamoja na TikTok kwa sababu za kisiasa, kisha ikarudi. Aliyekuwa na mradi wa harusi ndani yake siku hizo hakuwa na wa kumlalamikia. Shotcut na Kdenlive hazina mvuto huo, sura zao zimekakamaa kidogo, lakini toleo ulilopakua leo halitakuomba hela kesho wala kuzimwa kutoka mbali.

Kuhusu programu zilizovunjwa, zile za kreki zinazouzwa kwenye flashi, nitasema neno moja tu. Anayekuwekea hukuomba uzime kinga ya virusi kwanza. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye picha za watoto wako na nywila za benki yako.

Kuna kivutio kimoja kipya ambacho hakika kinagusa: kuandika maneno ya video kiotomatiki. Nani hataki hotuba ya babu iwe na maandishi chini, ili wajukuu walio Muscat au Minneapolis wafuate? Adobe ilipozindua huduma hiyo ndani ya Premiere Pro Julai 2021, ilikuja na lugha 13, Kikorea na Kihindi zikiwemo. Kiswahili hakikuwemo. Kwa upande mwingine Whisper, kielelezo cha kutambua sauti kilichotolewa bure na OpenAI Septemba 2022, kinakifahamu Kiswahili kwa kiasi, na Kdenlive iliunganishwa nacho kuanzia toleo la 23.04. Kwa hotuba ya babu wa Pemba mwenye lafudhi yake, usitarajie makubwa. Utasahihisha mstari kwa mstari. Lakini ajabu ndiyo hiyo, kwamba kitu kilichotangazwa kwa fedha hakikutengenezwa kwa ajili yetu, na kile cha bure angalau kimejaribu. Kabla hujalipia uwezo wowote unaohusu sauti au maneno, tafuta kwanza orodha ya lugha zake.

Hukumu yangu ni kwamba familia nyingi hazina haja ya kulipia toleo jipya la programu ya kuhariri. Kama vipande vya simu yako vinafunguka, sauti inafuata midomo na video ya mwisho inatoka, baki ulipo, na kidirisha kile ukifunge. Kama HEVC imekushinda na kugeuza kila kipande kumekuchosha, hama, lakini hamia Resolve ya bure ikiwa mashine ina nguvu, au Shotcut ikiwa haina, na uisimike pembeni ya ile ya zamani bila kuifuta. Anayefanya harusi kama biashara, kila Jumamosi, hesabu yake ni tofauti: saa anazookoa zinaweza kurudisha dola 295 za Studio ndani ya msimu mmoja. Yeye naye asipandishe toleo Alhamisi wakati ana kazi ya kukabidhi Jumapili.

Kabla ya yote, wikiendi hii fungua miradi yako yote iliyokwisha, utoe kila video kwa ubora wa juu kabisa programu yako inaoweza, kisha uweke nakala kwenye diski mbili, moja ikae kwa ndugu nyumba nyingine. Mradi ambao bado haujaisha umalize kwa toleo hilo hilo ulilonalo, umpelekee mwenyewe video yake.